Ganzi ya Mkono na Vidole: Mwongozo Kamili wa Kujua Inatoka Wapi na Namna ya Kuishughulikia

Wengi wanaosumbuliwa na ganzi ya mkono huanzia kwenye tiba. Wanachua, wanakanda kwa maji ya moto, wanameza vidonge vya vitamini, kisha ganzi inarudi usiku uleule. Juhudi wanazo. Wanachokosa ni kujua mshipa gani wa fahamu unabanwa, na unabanwa wapi. Mshipa unaofika kidoleni umetoka shingoni, ukapita chini ya mtulinga, kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono, na unaweza kubanwa popote njiani humo. Ukifunga kifundo wakati tatizo liko shingoni, utafunga miezi bila nafuu.

Halafu kuna ile imani kwamba "damu haitembei". Mara nyingi damu inatembea vizuri. Mkono ambao damu haifiki huwa baridi, hupauka na huuma sana. Kama mkono wako una joto na rangi yake ya kawaida lakini unakufa ganzi, mtuhumiwa wa kwanza ni mshipa wa fahamu, na kuuchua kwa nguvu mshipa uliobanwa ni kuuongezea kubanwa.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi mbili na kalamu.
- Kipande cha pamba na kijiti cha meno. Usitumie sindano, kwa sababu ngozi yenye ganzi hujeruhiwa bila mwenyewe kujua.
- Saa inayoonyesha sekunde.
- Taulo dogo na bendeji ya kuvutika.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na vitamini na dawa za mitishamba.
- Gango la kifundo, yaani kile kitambaa kigumu chenye kibao ndani kinachofungwa kwa mikanda. Usilinunue bado. Utajua kwenye Hatua ya 5 kama unalihitaji.

## Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Hatua hii usiiruke hata kama ganzi yako ni ya siku nyingi. Wahi hospitali sasa hivi ukiona mojawapo ya haya:

- Ganzi au udhaifu umeanza ghafla upande mmoja wa mwili, uso umepinda, maneno hayatoki sawasawa au macho hayaoni vizuri. Hicho ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo angalia saa na ukumbuke muda ule. Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika chache, nenda vilevile: kiharusi kidogo kinachopita kinaweza kutangulia kikubwa.
- Mkono, hasa wa kushoto, una ganzi au unauma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba, kichefuchefu au pumzi kukatika. Hapo shaka ni moyo.
- Mkono umekuwa baridi na umepauka ghafla, na maumivu ni makali.
- Ganzi imekuja baada ya kuanguka, ajali au kuumia shingo.
- Umefungwa plasta ngumu na sasa vidole vinavimba, vinakufa ganzi, na maumivu yanazidi kila unapovinyoosha.
- Udhaifu ulianzia miguuni na unapanda juu siku hadi siku.
- Mikono yote miwili imepoteza wepesi, kutembea kumekuwa kwa kuyumba, au mkojo na choo havizuiliki.

Huna hata moja kati ya hizo? Endelea. Mwongozo uliobaki ni wa ganzi inayokuja na kuondoka, au iliyokaa kwa wiki kadhaa bila kuzidi kwa kasi.

## Hatua ya 2: Chora ramani ya ganzi

Hii ndiyo hatua yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo karibu kila mtu huiruka. Ukimuuliza mtu ganzi iko wapi, atasema "mkono wote". Akikaa chini na kupima kidole kimoja kimoja, mara nyingi anagundua ni vidole vitatu tu.

Weka kiganja juu ya karatasi na ukichore kwa kukizungushia kalamu. Kwenye karatasi ya pili chora mgongo wa mkono. Kisha fumba macho, umwombe mtu akuguse kwa pamba taratibu, kidole baada ya kidole, pande zote. Rudia kwa ncha ya kijiti cha meno bila kukandamiza. Linganisha kila sehemu na mkono wa pili. Palipofifia, piga rangi kwenye mchoro. Ikiwa ganzi huja usiku tu, pima usiku huohuo inapokuja, au angalau uchore unakumbuka iko wapi kabla usingizi haujakurudia.

Sasa soma ramani yako.

Gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa kidole cha kati. Huo ni mshipa wa mediani, na mara nyingi unabanwa kwenye kifundo, ndani ya njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa chini na ukanda mgumu juu. Angalia sana nyama iliyo chini ya gumba kwenye kiganja: ngozi ya pale hupata hisia kupitia tawi linalopita nje ya njia hiyo. Vidole vikiwa na ganzi na ngozi ile iko salama, kifundo kinazidi kushukiwa. Ikiwa nayo ina ganzi, tatizo huenda liko juu zaidi.

Kidole cha mwisho na nusu nyingine ya kidole cha pete. Huo ni mshipa wa alna, ule unaokupa mshtuko ukigonga kiwiko. Hapa geuza mkono uangalie mgongo wake upande wa kidole cha mwisho. Una ganzi? Shuku kiwiko. Hauna? Huenda mshipa unabanwa chini, kwenye kifundo, jambo linalowapata wanaoegemea kiganja kwa muda mrefu, kama waendesha baiskeli.

Mgongo wa mkono karibu na gumba. Ni mshipa wa radiali. Saa au bangili iliyobana inatosha kuleta ganzi hiyo. Vua, usiirudishe. Lakini ikiwa umeamka kifundo kimelegea na huwezi kukiinua, mshipa huo umelaliwa kwenye mkono wa juu, na unahitaji kuonwa na daktari katika siku chache.

Mstari unaoshuka kutoka shingoni au begani. Hapo fikiria pingili za shingo. Mzizi ni mwanzo wa mshipa wa fahamu pale unapotoka kwenye uti wa mgongo. Mzizi wa sita huleta ganzi kwenye gumba na kidole cha shahada, wa saba kwenye kidole cha kati, wa nane kwenye kidole cha mwisho. Kwa kawaida pana maumivu yanayopita nyuma ya bega na kushuka mkononi. Alama nzuri ya kutofautisha ni kidole cha pete: ganzi ikikigawa katikati, nusu inahisi na nusu haihisi, lawama ni ya mshipa wa mkononi kuliko shingo. Ganzi inayopanda hadi ndani ya kigasha (sehemu kati ya kifundo na kiwiko), upande wa kidole cha mwisho, haielezwi na kiwiko. Itafutwe shingoni au chini ya mtulinga.

Mikono yote miwili kwa usawa, hasa kama miguu ilianza. Hii kwa kawaida si mshipa mmoja uliobanwa. Ni tatizo la mwili mzima, na unaweza kwenda moja kwa moja Hatua ya 8.

Ukimaliza, uwe na mchoro ambao mtu mwingine anaweza kuusoma bila maelezo yako. Utakwenda nao kwa daktari.

## Hatua ya 3: Andika inakuja lini

Kwa wiki moja, kila ganzi inapokuja andika saa, ulikuwa unafanya nini, mkono ulikaaje, na nini kilikupa nafuu.

Kuamshwa usiku ukalazimika kukung'uta mkono ndipo vidole vipate uhai ni dalili ya wazi ya mshipa kubanwa kwenye kifundo, kwa sababu tunapolala wengi wetu tunakunja kifundo bila kujua. Ganzi inayokuja ukiwa na simu sikioni, kiwiko kimekunjwa, inaelekeza kwenye kiwiko. Inayokuja ukiinua mikono juu ya kichwa, kama unaposuka nywele au kupaka rangi dari, huenda ni ya eneo la mtulinga. Inayozidi ukitazama juu au ukigeuza kichwa ni ya shingo.

Ikija ghafla kwenye mikono yote na kuzunguka midomo wakati una hofu na unapumua haraka, punguza kasi ya pumzi kwa kuzitoa polepole. Ikiwa sababu ni kupumua haraka, ganzi itaondoka ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 4: Vipimo vidogo vya nyumbani

Hakuna kipimo kimoja hapa kinachotoa hukumu peke yake. Vikikubaliana na ramani, umekaribia ukweli.

Kifundo. Kutanisha migongo ya mikono mbele ya kifua, vidole vikitazama chini, vifundo vimekunjwa. Kaa hivyo sekunde 60. Ganzi ikija kwenye gumba, shahada na cha kati, kipimo kimeitika.

Kiwiko. Kunja viwiko kabisa, vifundo vikiwa vimenyooka, kaa dakika moja. Subiri kidole cha mwisho kiseme.

Shingo. Ganzi inapokuwepo, weka kiganja cha mkono unaosumbua juu ya kichwa. Ukipata nafuu, mzizi wa shingoni unashukiwa, kwa sababu mkao huo unaulegeza. Usimruhusu mtu yeyote akukandamize kichwa au kukupindua shingo "ili ilie". Mzizi uliovimba unaweza kuumizwa zaidi.

Nguvu. Weka kiganja juu, nyoosha gumba kuelekea dari, mtu alisukume chini. Linganisha na mkono wa pili. Kisha shika karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mtu aivute. Ikiwa unaweza kuizuia kwa kukunja ncha ya gumba tu, mshipa wa alna umedhoofika.

Wepesi. Funga na ufungue ngumi kwa haraka kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye afya hufikisha mara 20 au zaidi. Ukishindwa kwa mikono yote miwili, na vifungo vya nguo vimekuwa vigumu kufunga, usijitibu nyumbani. Uti wa mgongo uangaliwe mapema.

Tazama pia nyama iliyo chini ya gumba na ile iliyo kati ya gumba na shahada. Imebonyea kuliko ya mkono mwingine? Basi mshipa umeteseka muda mrefu. Ruka hadi Hatua ya 10.

## Hatua ya 5: Anza na usiku

Usiku ndio wakati ambao mshipa unabanwa kwa saa nyingi mfululizo bila wewe kujua, na ndio wakati rahisi kuubadilisha.

Kama ni kifundo, nunua gango na ulivae kila usiku kwa wiki 6. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Magango mengi huuzwa yakiwa yamepindishwa kifundo kitazame nyuma. Mshipa unapata nafasi kubwa kifundo kikiwa kimenyooka, mstari mmoja na kigasha. Chomoa kile kibao cha chuma, kinyooshe kwa mikono, kirudishe. Kisha kaza mikanda kiasi cha kuweza kupitisha kidole chini yake. Gango lililobana sana huongeza tatizo uliloliendea. Vidole viwe huru.

Usilivae usiku mmoja na kuacha usiku unaofuata. Mshipa uliovimba hupona kwa kupumzishwa mfululizo, na nafuu ya kwanza ni kupungua kwa idadi ya mara unazoamshwa. Ganzi ya mchana huchelewa kufuata.

Mjamzito mwenye ganzi ya namna hii anaweza kutumia gango bila wasiwasi. Maji mwilini yameongezeka na yamejaza njia ile nyembamba. Mara nyingi hali hupungua baada ya kujifungua.

Kama ni kiwiko, zungushia taulo dogo kwenye kiwiko, lile fundo kubwa likae mbele penye mkunjo, kisha lishike kwa bendeji bila kukaza. Lengo ni kiwiko kisikunjike sana. Hakihitaji kunyooka kabisa. Hii huhitaji uvumilivu zaidi, wiki 6 hadi 12.

Kama ni shingo, usilale kifudifudi, maana lazima ugeuze kichwa upande mmoja usiku kucha. Lala chali au ubavu, mto ujaze nafasi kati ya bega na sikio ili shingo isiinamie upande wowote.

## Hatua ya 6: Badilisha mchana

Tafuta kwenye daftari lako la Hatua ya 3 kitu kimoja kinacholeta ganzi zaidi, ubadilishe hicho kwanza. Ukibadilisha vitu saba kwa pamoja utachoka kabla ya wiki kwisha.

Mwenye tatizo la kifundo aweke kibodi na kipanya mahali ambapo kifundo hakipindi, na asiegemeze kifundo kwenye ukingo wa meza. Anayetumia zana yenye mpini mwembamba auneneshe kwa kuuzungushia kitambaa, ili mkono usibane kwa nguvu. Mitambo inayotetemeka, kama ya kukata mawe au kusaga chuma, huumiza mishipa kwa mtetemo wenyewe, kwa hiyo pumzika mara kwa mara.

Mwenye tatizo la kiwiko aache kukiegemeza mezani au dirishani kwa gari, na simu aiweke kwenye spika. Mwenye shingo ainue skrini ifike usawa wa macho.

## Hatua ya 7: Telezesha mshipa, usiuvute

Mshipa wa fahamu huteleza ndani ya njia yake kila unaposogeza mkono. Unaposhikwa, mwendo mdogo wa mara kwa mara huusaidia. Kwa kifundo: funga ngumi kifundo kikiwa kimenyooka, fungua vidole vinyooke, rudisha kifundo nyuma taratibu, kisha fungua gumba kando. Kila mkao sekunde 5. Rudia mara 5, asubuhi na jioni.

Kwa shingo: ukiwa umekaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, shikilia sekunde 5, mara 10.

Kuchomwachomwa kidogo wakati wa zoezi kunaweza kuvumiliwa. Kukibaki baada ya kumaliza, umezidisha. Punguza nusu, au acha siku mbili.

## Hatua ya 8: Tafuta kilicho ndani ya mwili

Hata mwenye ganzi ya kifundo tu apimwe, kwa sababu kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi kwa unyonge hufanya mishipa ibanwe kwa urahisi. Omba kupimwa sukari, vitamini B12, tezi ya shingo na figo.

Kisha soma orodha yako ya dawa pamoja na daktari. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi inaweza kushusha B12. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huharibu mishipa kwa kupunguza vitamini B6, na ndiyo maana hutolewa pamoja na vidonge vya B6. Baadhi ya dawa za saratani hufanya hivyo pia. Pombe nyingi, kadhalika. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Kuacha dawa za kifua kikuu ni hatari kubwa kuliko ganzi yenyewe, na daktari ana njia za kuitibu bila kuzisimamisha.

Nawasihi sana wanaomeza vitamini "za mishipa" kwa kubahatisha: B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo huharibu mishipa na kuleta ganzi ileile unayoikimbia. Soma karatasi ya kila chupa, maana B6 hujificha katika vidonge vya aina nyingi na hujumlishana.

Angalia ngozi pia. Baka lililofifia au lenye wekundu, lisilohisi mguso, au mshipa ulionenepa nyuma ya kiwiko, unaweza kuwa ukoma. Hakuna sababu ya kuuficha. Unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Anayeanza mapema huokoa vidole vyake.

## Hatua ya 9: Linda mkono usiohisi

Pima joto la maji kwa kiwiko au kwa mkono usio na ganzi, sufuria ishike kwa kitambaa kinene, na usikande mkono wenye ganzi kwa chupa ya maji ya moto. Kila jioni kagua vidole kama kuna malengelenge au michubuko. Kidonda kisichouma hakina ruhusa ya kupuuzwa.

## Hatua ya 10: Kwenda kwa daktari, na utakachokutana nacho

Nenda ikiwa wiki 6 zimepita bila nafuu, ganzi imekuwa ya kudumu mchana na usiku, vitu vinakuponyoka, au nyama ya mkono inapungua. Hayo mawili ya mwisho yasisubiri wiki 6. Beba ramani, daftari na orodha ya dawa.

Dawa za kawaida za maumivu, kama ibuprofeni, hazifungui mshipa uliobanwa. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu, kinachoonyesha mahali ambapo ishara inachelewa. Kwa kifundo anaweza kudunga sindano ya steroidi, ambayo huleta nafuu ya wiki au miezi na wakati mwingine ganzi hurudi. Upasuaji hukata ule ukanda mgumu ili mshipa upate nafasi. Kwa shingo, wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu.

Baada ya upasuaji wa kifundo, kuamka usiku huweza kwisha upesi, lakini hisia ya ncha za vidole hurudi polepole. Mshipa ulioumia ndani huota kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole ni safari ya miezi. Aliyekaa na ganzi ya kudumu kwa miaka huenda asirudishiwe hisia zote. Ganzi ikiongezeka baada ya kufanyiwa upasuaji, au vidole vikivimba na kuuma kupita kiasi, rudi hospitali siku hiyohiyo.